Maji Safi ya Bwana Afya

Chubwi! Mama Breki aliusikia mlio huo akiwa amelala chali chumbani, mshono wa tumbo ukimvuta, akadhani mumewe anasuuza chupa ya chai. Sasa kila akifumba macho mlio unamrudia, na kila ukirudi anasonya.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa udereva, aliowakemea miaka nenda miaka rudi kutoka kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya pili. Mumewe aliitwa Bwana Afya na majirani, kwa kuwa hakuweza kuona doa akanyamaza.

Baada ya upasuaji wa ovari, hospitali walitia kipande cha uvimbe kwenye kopo lenye dawa ya kukihifadhi, wakamkabidhi Bwana Afya akipeleke maabara kubwa, kama ndugu wa wagonjwa wote walivyofanya. Siku hiyo alikuta maabara imefungwa. Kopo likaja nyumbani, likakaa siku kadhaa kabla ya kufika maabara.

"Dawa ilikuwa inawasha macho," alijitetea mbele ya daktari. "Nikajua imechacha. Nikamwaga, nikakitumbukiza kwenye maji safi. Tena ya kuchemsha, mama watoto!"

"Ya kuchemsha!" Mama Breki alimgeukia. "Na chumvi je, ulisahau? Baba, ungekiunga kabisa!"

Daktari, msichana mwenye sauti ya upole, alikohoa. "Kipande kimeoza, mama. Na hospitali hawakubakiza kingine."

"Kwani kilikuwa cha nini hasa? Mlinieleza nikiwa bado na usingizi wa sindano."

"Kutafuta kinachouendesha uvimbe. Chukulia gari ambalo breki zake..."

"Daktari, gari niachie mimi. Niambie mwili wangu."

Daktari alicheka kidogo, akaanza upya. Seli ikijigawa hunakili maelekezo yake yote, na kunakili kuna makosa. Zipo jeni ambazo kazi yake ni kushona palipokatika. Zikiharibika hizo, makosa yanarundikana, seli zinazaana bila kusikia la mtu. Kisha zinabanduka, zinaelea kwenye maji ya tumbo, zinajishikiza kwenye mafuta ya tumboni na kuanza maisha mapya. Za Mama Breki zilikuwa zimeshafika huko.

"Kama ndiyo kasoro yako, kuna vidonge vinavyolenga hapo hapo. Bila kipimo siwezi kukupa. Imebaki kupima damu."

Damu Mama Breki aliikataa tangu mwanzo, hata kabla ya upasuaji. Kipande kingesema habari za uvimbe tu. Damu ingesema alichozaliwa nacho, na huenda alichomrithisha binti yake, ambaye wakati huo alikuwa amekaa kwenye benchi la nje akimnyonyesha kichanga. Alitaka kupigana na ugonjwa wake peke yake, usimguse mtu mwingine. Na mtu huyu na maji yake!

Bwana Afya alitoa leso, akafuta machozi, halafu, kwa mkono usiojua kutulia, akaanza kufuta ukingo wa meza ya daktari.

"Acha meza ya watu!"

Akaacha. Akakunja leso pembe kwa pembe. "Nilidhani nakitunza," alisema.

Mama Breki alitaka kumrushia neno jingine, tena kali. Akaliacha, maana ni kweli alidhani hivyo, na hilo ndilo lililomchosha zaidi: hata kumkasirikia sawasawa hakuwezekani.

Mlango ukagongwa. "Mama, wanasemaje?"

"Wanasema baba yako apewe kazi ya kuosha korido! Subiri hapo, mwanangu, tunatoka."

Binti alicheka huko nje, na kichanga kikalia kwa kukatishwa kunyonya. Mama Breki alisikiliza mpaka kikatulia. Akakunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko, akauweka mezani. Daktari alipoinama kutafuta mshipa, Mama Breki alimsogelea sikioni.

"Ukiona kitu," alisema polepole, "niambie mimi kwanza. Binti yangu nitamwambia mwenyewe."