Mwoka Keki Aliyeomba Kubadilishiwa Jumamosi

Jua halijapanda, na mwoka keki ameshainamia keki ya harusi ya ghorofa tatu, mfuko wa krimu mkononi. Binti yake wa miaka saba, Kidoti, ameketi kwenye stuli karibu na mlango. Begi bado liko mgongoni.

"Baba, nikusaidie?"

"Usiguse, mama. Wenyewe wanakuja saa nne."

Hii ni Jumamosi yao ya mwisho ya namna hii.

Alipoachana na mkewe mwaka juzi, baba huyu alipigania jambo moja mbele ya afisa ustawi wa jamii: mtoto awe kwake kila Jumamosi na Jumapili. Akapewa. Hakukumbuka kwamba watu huoana Jumamosi.

"Niliona akina baba wengine wanapewa wikiendi," anasema. "Nikajua nikipewa siku nyingine nimeonewa."

Karibu nusu ya kipato chake hutoka kwenye keki za Jumamosi, hivyo hawezi kufunga jiko siku hiyo. Jumapili hulala kama gogo. Jumatatu na Jumanne jiko limepoa, lakini siku hizo mtoto yuko kwa mama.

Mwezi uliopita Kidoti aligoma kuja. "Kwa baba naenda kukaa tu," alisema.

Baba aliogopa. Akiziachia Jumamosi na kunyimwa siku nyingine, atabaki mgeni kwa mwanawe. Hata hivyo alimeza kiburi, akamfuata mzazi mwenzake, fundi cherehani.

"Wikiendi ulizing'ang'ania kama ruba," mama alimwambia, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Leo zimekuchosha?"

"Mama Kidoti, nilikosea. Nipe Jumatatu na Jumanne. Nitampeleka shule, nitamfuata."

"Na kazi za shule? Au utamlisha keki alale?"

"Nitakaa naye."

Mama akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Mimi sina neno. Kamuulize mwenyewe. Ndiye anayebeba begi."

Akamuuliza. Mtoto hakuuliza habari za kitanda wala zawadi.

"Jumatatu simu ya wateja utaizima?"

"Nitaizima."

"Basi nitakuja. Ukiiwasha narudi kwa mama."

Wazazi wamekubaliana kujaribu muhula mmoja, kisha warudi kwa afisa ustawi kuubadilisha mpango rasmi. Jumatatu ijayo baba atakuwa getini pa shule.

"Hatujawahi kukaa mimi na yeye bila kazi katikati," anasema, akifuta krimu vidoleni. "Sijui tutaongea nini. Ila nataka nimsikilize mpaka achoke yeye, si mimi."