Neno Nililokosea Mbele ya Televisheni

Ashukuriwe Mungu aliyezitandaza nyota na kuzijua moja moja, akaniachia umri wa kuyakumbuka makosa yangu kabla hajaniita kuyajibu.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Jumamosi ya upepo kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Nilikuwa kijana, mhudumu wa mezani katika hoteli ya watalii, nimetoka Karatu na cheti changu cha kidato cha nne, Kiingereza kinanichemka mdomoni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, na waliojaliwa kurudi walikuwa wamesharudi.

Huku bara hatukuwa na kituo cha televisheni. Zanzibar walikuwa nacho, lakini kwetu Zanzibar ilikuwa mbali kuliko ndoto. Sisi tulidokoa picha za Kenya. Meneja wetu alikuwa na televisheni, antena ameifunga kwenye bomba refu juu ya paa, na siku ukungu ukikubali kuondoka, picha zilivuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Kila Jumamosi alasiri alituruhusu wafanyakazi tuangalie. Bura, mpishi, ndiye aliyepanda kuzungusha bomba.

"Hapo! Hapo hapo, Bura!"

"Hapo wapi? Mimi huku naona bati tu!"

"Umepitiliza! Rudisha Kenya!"

"Kenya iko wapi, nyie wavivu? Njooni mnionyeshe kwa kidole!"

Tulichokuwa tunakitafuta kwa makelele yote hayo ni mchezo mmoja wa mfululizo. Watu walisafiri katika chombo kikubwa kati ya nyota, wakiongozwa na nahodha asiyecheka. Milango ilifunguka yenyewe. Walishuka kwenye nchi zisizo na majani, wakakutana na viumbe wenye mapaji ya nyuso kama mizizi ya mti. Leo najua chombo kile kilikuwa mbao na rangi, na mapaji yale yalibandikwa kwa gundi. Siku zile hatukujua, na hata kama tungejua tusingejali. Macho hayana pazia. Mimi mchezo ule ulinitia kichaa cha miguu. Ulipokwisha sikuweza kukaa. Nilitoka nje nikasimama ukingoni, nikaitazama kreta, duara lile kubwa na ziwa lake jeupe katikati, nikajiona na mimi niko ndani ya chombo ninaikaribia nchi ya kigeni. Sahani nilizibeba, lakini moyo ulikuwa umeshaondoka.

Kwa kuwa Kiingereza kilikuwa changu, kazi ya kutafsiri ilikuwa yangu. Nami, mwanangu, niliipenda kuliko mshahara.

Kulikuwa na mama mzee wa Kimaasai tuliyemwita Koko, yaani bibi. Aliishi boma la jirani, na kila Jumamosi alituletea kibuyu cha maziwa jikoni, nasi tukampa majani ya chai na unga. Mwanawe wa pekee alikwenda vitani Uganda. Hakurudi, wala barua haikuja. Jina la kijana huyo sitaliandika. Wenzetu Wamaasai hawalitaji jina la aliyekufa, na pale bomani walikuwa wameshaacha kulitaja. Koko naye aliacha, kwa kuwa wote waliacha. Ila hakunyoa kichwa kama wafanyavyo wafiwa wa kwao, wala hakulia. Alikaa katikati, kama mtu aliyesimama mtoni hajui avukie ng'ambo au arudi.

Jumamosi hiyo alikuta tumejazana mbele ya televisheni, akakaa sakafuni. Kipindi kilihusu askari aliyepotea kati ya nyota, wenzake wakamdhania amekufa, kumbe yu hai. Nikatafsiri kwa sauti ya mhubiri: "Hawa ni watu wanaosafiri mbinguni! Wamempata askari wao huko mbinguni!"

Koko akasogea karibu. "Hao wanapita mbinguni kwa Engai, Mungu wetu?"

"Ndiyo, Koko. Kote wanapita."

"Basi muulize huyo mkubwa wao. Mwanangu amemwona huko?"

Bura, aliyekuwa ameshashuka paani, akanikanyaga mguu. "Acha utani, wewe." Lakini wote walikuwa wananitazama, na ulimi hauna mfupa. Nikainamisha sikio kwenye televisheni, nahodha anazungumza mambo yake ya mitambo, kisha nikageuka kwa heshima kubwa.

"Anasema hajamwona, Koko. Amepita kote, hayupo."

Mhudumu mmoja akacheka ndani ya kiganja. Koko hakusikia kicheko. Alisimama, akajifunga vizuri shuka lake, akasema taratibu, "Kama hayupo mbinguni, basi yu hai." Akalitaja jina la mwanawe, kwa sauti, mlangoni mwa jikoni, mara mbili. Akaondoka akitembea kama msichana.

Juma lililofuata aliniletea kibuyu cha peke yangu. Nilikunywa. Ndipo shemeji yake aliponifuata kwenye ngazi za jikoni, amekasirika. Boma lilitakiwa kuhama, ng'ombe wamemaliza majani, punda wako tayari. Koko alikuwa amekataa. "Anasema anangoja sanduku lenu limwambie mwanawe yuko wapi. Sisi tunaondoka kesho kutwa. Tukimwacha peke yake katika baridi hii na nyati hawa, utamzika wewe?"

Nilikuwa na likizo ya siku moja, nikapanda lori la vitunguu lililokuwa likirudi, nikashuka Karatu kwa baba mkubwa, Mzee Boay, mwinjilisti aliyetembea kwa miguu vijiji vyote mpaka Mbulu. Nikamsimulia kama kichekesho, mwanangu. Nilitaka acheke ili kosa liwe dogo.

Hakucheka. Alikuwa anapukuchua mahindi, akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Ulisema mbinguni au angani?"

"Mbinguni, baba. Si ni kitu kimoja?"

"Angani wanapita ndege na mawingu, na hao watu wako wakipenda wapite. Mbinguni kuna mlango, na ufunguo wake huna. Mama wa watu amekuja anamtafuta mwanawe, wewe ukamfungulia mlango wa uongo."

Nikajitetea. Nikasema basi michezo ile ni dhambi, sitaitazama tena.

"Nani kakwambia dhambi? Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano. Ulipokuwa mdogo nilikusimulia fisi aliyeoa. Nilianzaje?"

"Hadithi, hadithi."

"Nawe ukajibu?"

"Hadithi njoo."

"Basi. Ukajua tumeingia kwenye hadithi, na ilipokwisha ukajua tumetoka. Huyo mama ulimwingiza bila kumpigia hodi, ukamwacha humo ndani. Lala, alfajiri uende ukamtoe."

Sikulala, nilihesabu mbavu za paa. Alfajiri nikapata gari la mradi hadi lango la Ngorongoro, nikapanda mlima kwa miguu, mvuke unanitoka puani. Nilikuta boma limeshafumuliwa nusu, punda wamebebeshwa ngozi na vibuyu, watoto wanapiga miluzi. Koko alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, mgongo ameugeuzia msafara.

Nilichuchumaa mbele yake, nikainamisha kichwa kama watoto wa Kimaasai wanavyowaamkia wazee wao, naye akanigusa utosini. Ule mkono ulinichoma kuliko kiboko. Nikamwambia yote. Kwamba wale ni watu wa kuigiza, hawajafika popote. Kwamba nahodha hakusema neno lolote juu ya mwanawe. Kwamba niliyesema ni mimi, ili nionekane najua.

Shemeji yake aliita mara moja, Koko akampungia mkono angoje.

Kisha akaniuliza, "Hao wanaorukaruka huko juu, mama zao wako wapi?"

Nikafikiri. Nikapitisha kichwani Jumamosi zote nilizotazama, vyombo vyote, nchi zote, vita vyote. "Sijawahi kuwaona, Koko."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi ni hadithi," akasema. "Mtu hapotei hivyo bila mama kumuuliza."

Akalitaja jina la mwanawe mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama anayemkabidhi mtu. Akanyoosha mkono nimnyanyue. Tulipofika kwenye punda alimwambia shemeji yake kwa Kimaasai maneno mawili matatu, naye akatoa wembe kiunoni. Nilimwona Koko ananyolewa amekaa juu ya gogo, upepo unazipeperusha nywele nyeupe kuelekea kreta, na ndipo alipolia. Jina lile sikulisikia tena kinywani mwake, hata miaka ya baadaye tulipokutana mnadani.

Mwanangu, tangu siku zile nimeona kanda za video zikija, kisha vituo vyetu wenyewe, na sasa mjukuu wangu anabeba vyombo vya nyota vyote ndani ya simu. Nami huketi naye nikatazama. Mpaka leo vikiisha siwezi kutulia, natoka nje nikaangalia juu, nikiona kimulimuli cha satelaiti kinapita taratibu moyo unaruka. Mungu hakututia hamu hiyo bure. Usione aibu kuwa nayo.

Ila nakusihi. Unapomsimulia mtu jambo la kubuni, mpigie hodi kwanza. Mwambie ni hadithi, kisha mtoe salama. Usilichezee neno mbele ya mwenye msiba, maana wewe unatafuta kicheko naye anatafuta mtoto wake. Na ukikosea, panda mlima kesho yake asubuhi, usingoje msafara uondoke. Na kila watakapokuonyesha ulimwengu mpya wenye milango inayofunguka yenyewe, uliza swali la Koko, uliza mama zao wako wapi.

Mungu akulinde wewe unayesoma, utokapo na uingiapo. Na ukienda mbali kadiri gani, asikose mtu wa kulitaja jina lako kwa sauti, akikungoja urudi. Amina.