Kidole cha Tantine Mwajuma

Naikumbuka asubuhi moja ya Januari, mwanangu, nilipochuchumaa mbele ya kitalu cha shangazi yangu nikiwa na kipimo cha unyevu mkononi, nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Tantine, leo usimwagilie. Udongo bado una maji." Nilikuwa sijafika miaka ishirini na tatu. Nakusimulia haya leo kwa sababu kesho unapanda pikipiki kwenda kupima mashamba ya watu njia ya Bengamisa, na tangu jana nakuona unakifuta kile kipimo chako kipya kila baada ya dakika kumi. Kimeshang'aa. Kaa hapa unisikilize, nguo utapanga baadaye.

Wakati huo ndiyo kwanza nimemaliza shule ya kilimo. Mwalimu wetu wa udongo, aliyenipenda kwa sababu sikuwa nikisinzia darasani, aliniazima kipimo kimoja kwa msimu mzima. Hakikuwa na betri wala kioo cha namba kama hicho chako. Kilikuwa fimbo ya chuma yenye urefu wa kiganja mpaka kiwiko, na juu yake uso mdogo wenye sindano. Sindano ikilala kwenye nyekundu, udongo umekauka. Ikiingia kwenye kijani, maji yanatosha. Ikifika kwenye buluu, maji yamezidi. Unakichoma ardhini, unasubiri kidogo, unasoma, unakichomoa, unakifuta. Nilikibeba kwa miguu kupita mji mzima, na sikukifunika, ili watu wakione.

Shangazi yangu Mwajuma, dada mkubwa wa baba, sisi tulimwita Tantine. Alikuwa na bustani ng'ambo ya daraja la mto Tshopo, bondeni karibu na maji, alikopanda mboga za lengalenga na vitunguu vya majani vya kuuza sokoni. Hakupita darasa la tatu. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mzito, na utotoni mkono huo niliuonja. Lakini tangu niingie shule ya kilimo alinibadilikia. Mbele ya wenzake wa sokoni hakuniita tena Salima, aliniita "agronome wetu", bingwa wa kilimo, nami nilijifanya sisikii huku nimetega masikio yote mawili.

Wiki mbili za mwanzo zilinivimbisha kichwa. Matuta yake ya lengalenga yalikuwa yanaoza mizizi na hakuelewa kwa nini. Nikapima, asubuhi na jioni, sindano ikaenda buluu kila mara. Nikamwambia apunguze ndoo, amwagilie siku moja na kuruka moja. Akapunguza, na majani yakanyooka. Jumamosi iliyofuata alisimama katikati ya wenzake akasema, "Mutoto ya kaka yangu iko na mashini inaona chini ya udongo. Mi sitatia tena kidole kwenye udongo." Wakacheka, wakataka kuja kuiona. Kweli nilikuwa nimemsaidia, wala sikatai hilo. Ndiyo sababu yaliyofuata yaliniingia vibaya zaidi.

Sasa sikiliza habari ya kitalu. Bibi yangu, mama yake Tantine, alitunza maisha yake yote mbegu za nyanya chungu za namna moja: ndogo, nyeupe, za duara, ambazo zikipikwa na samaki haziachi ukali mdomoni. Alipofariki, mbegu zilibaki kwa Tantine peke yake. Mwaka ule zilikuwa zimezeeka, naye aliogopa kwamba zikikaa msimu mwingine hazitaota tena. Akazimwaga zote kwenye kitalu kimoja, akakijengea kivuli cha makuti ya mchikichi. Zikaota vizuri. Kila asubuhi alipita pale kwanza kabla hajagusa kazi nyingine. Kitalu kile kikifa, mbegu ya bibi imekwisha nyumbani kwetu, na hilo nililijua, kwa sababu aliniambia kwa mdomo wake mwenyewe.

Kitu kingine nilichokijua ni kwamba alikitia kitalu majivu mengi, ya tanuri la mkate la jirani, kufukuza siafu na kuupa udongo nguvu. Wanawake wote wa bonde lile hufanya hivyo kwenye vitalu, hata leo. Kwenye matuta ya lengalenga hakutia majivu. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu na sikuyafikiria hata kidogo.

Siku ya kwanza nilichoma kipimo kitaluni, sindano ikaenda buluu. Nikasema asimwagilie. Siku ya pili, buluu vilevile. Tantine alipiga magoti, akatia kidole chake udongoni mpaka kiungo cha pili, akakitoa, akakitazama, kisha akanitazama mimi. Akakipangusa kwenye kikwembe chake cha kiunoni, akainuka, akaenda zake kwenye vitunguu. Mwanangu, nilimuona. Niliona kidole kimetoka na vumbi la kijivu, hakuna tope. Nikarudisha macho kwenye sindano, kwa sababu sindano ilikuwa inanikubalia.

Siku ya tatu miche ililegea saa sita mchana. Nikasema ni jua tu, jioni itainuka. Iliinuka nusu. Siku ya nne nilipima tena mahali palepale, nikapata buluu ileile, nikajipa moyo. Siku ya tano asubuhi tuliikuta yote imelala chini, mikavu, inakatika ukiigusa. Tulimwaga maji, tukamwaga tena, tukangoja mpaka adhuhuri. Hakuna hata mmoja ulioinuka.

"Mi nilijua," Tantine akasema. Hakupandisha sauti. "Tangu siku ya pili nilijua udongo iko kavu."

"Kwa nini hukusema, Tantine?"

"Niseme nini? Mashini ilikuwa imekwisha kusema. Na ni wewe ulisoma, mi sikusoma."

Afadhali angenipiga. Aliokota ndoo zake akaenda kumwagilia lengalenga, na siku ile nzima hatukusemeshana tena. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda. Nilijiambia kwamba mbegu ile nitaitafuta, hata kama ni kuuliza mlango kwa mlango.

Baba ndiye aliyekumbuka kwamba zamani bibi aliwahi kumpa konzi ya mbegu rafiki yake wa sokoni, Mama Veronika, ambaye baadaye alihamia Bengamisa. Kama alikuwa bado hai, na kama alikuwa bado anazipanda, hakuna aliyejua. Kesho yake kulipopambazuka nilichukua baiskeli ya baba nikaondoka. Sikumwambia Tantine. Sikutaka anikataze, wala sikutaka anitumainie bure. Barabara ilikuwa mchanga huku, mashimo kule, mnyororo ukatoka mara tatu, na sehemu ndefu niliisukuma tu. Niliapa sirudi nyuma. Nilifika jioni.

Mama Veronika alikuwa hai, mzee sana, ameketi mbele ya nyumba yake anafunga chikwange, mikate ya muhogo, kwenye majani. Alinipa maji na kigoda, akanitaka nieleze shida yangu. Nikaanza hivi: "Mama, kipimo kilinidanganya." Nikamweleza buluu ya kila asubuhi, nikamweleza kidole cha Tantine, nikamweleza miche. Mikono yake haikuacha kufunga.

"Mashini ilimuona Mwajuma anapangusa kidole?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Nani alimuona?"

"Mimi."

"Bon. Basi usiniletee hapa kesi ya mashini." Akafunga chikwange moja, akaiweka pembeni. "Mutu anakupenda mpaka ananyamaza mbele yako, na wewe unadhani amekubali. Hukumuuliza hata neno moja. Shule gani hiyo inafundisha kupima udongo ya mutu bila kumuuliza mwenyewe?"

Akaingia ndani akatoka na kitambaa, amefunga kwenye pembe yake mbegu kama kijiko kimoja. Alikuwa akizipanda kila mwaka tangu alipohamia kule. "Hizi usipande wewe," akasema. "Umupe yeye mukononi. Na yote umeniambia mi, umuambie yeye pia."

Nililala kwake, asubuhi nikarudi. Nilimkuta Tantine bustanini jioni, nikampa kitambaa mkononi, nikasema: nilikuona ukipangusa kidole, nikajua una neno, nikaogopa kulisikia. Alifungua fundo, akaziangalia mbegu zile kwa muda mrefu. Nilingoja hukumu.

"Umeenda Bengamisa na baiskeli ya papa yako?"

"Ndiyo, Tantine."

"Umekula?"

Hapo ndipo nilipolia, mwanangu, nikiwa mtu mzima mwenye diploma, nimesimama katikati ya vitunguu. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, akanipa ndizi ya kuchoma iliyobaki kwenye chakula chake cha mchana.

Lakini usidhani nilikitupa kipimo. Wengi wangekitupa, wakasema mambo ya wazungu hayatufai, wakarudi kulala. Mimi nilitaka kujua. Nilichukua makopo mawili ya maziwa ya unga, nikayajaza udongo uleule wa bondeni, nikatia kila moja kikombe kimoja cha maji. Kwenye kopo moja nilichanganya konzi mbili za majivu. Nikachoma kipimo. Kopo lisilo na majivu, sindano iliishia mwanzo wa kijani. Kopo la majivu, ikaruka mpaka buluu. Maji ni yaleyale. Nikarudia siku iliyofuata, na iliyofuata, mbele ya Tantine, mpaka tukaridhika sote wawili kwamba chumvi ya majivu ndiyo iliyokuwa inaisukuma sindano. Kipimo kilikuwa kinafanya kazi yake. Mimi ndiye sikuwa nimejifunza kukitumia, na nilikuwa na mtu karibu ambaye angeniokoa kwa neno moja.

Basi tukaweka utaratibu. Kila asubuhi, kabla sijakitoa kipimo mfukoni, namuuliza: "Tantine, udongo ukoje?" Anatia kidole, anasema, naandika neno lake kwenye daftari. Ndipo nachoma kipimo, mahali patatu tofauti, si mahali pamoja tu, kwenye kina cha mizizi, nikikifuta kila mara. Naandika cha sindano pembeni ya neno lake. Wakikubaliana, tunaendelea na kazi. Wakipingana, tunachukua jembe tunachimba tuone.

Usifikiri kidole kilishinda siku zote. Asubuhi moja Tantine alisema vitunguu vimekauka, sindano ikasema vina maji. Hakukuwa na majivu pale. Tukachimba: juu vumbi, chini kidogo unyevu mzuri kabisa. "Leo mashini iko na haki," akasema, akaninunia mpaka saa sita. Nilifurahi sana siku ile, si kwa sababu nilishinda, bali kwa sababu alikuwa amenibishia bila kuogopa. Aliendelea kunibishia mpaka mwaka aliofariki. Nimesifiwa mara nyingi katika kazi hii, na hakuna sifa ninayoipenda kuliko ubishi wake. Nyanya chungu ulizokula hapa jana na samaki ni za mbegu ile.

Sasa nasaha yangu, na naisema wazi ili usije ukasema hukuelewa. Kesho utafika kwenye mashamba ya watu walioanza kulima kabla hujazaliwa. Utatoa chombo chenye kioo na namba, nao watanyamaza. Usifurahie ukimya huo. Wengine watanyamaza kwa heshima, wengine kwa sababu hawakusoma, wengine kwa sababu wanakupenda tu, na wote watakuacha ukosee juu ya chakula chao. Uliza kwanza. Mwache mwenye shamba aseme kabla chuma hakijagusa ardhi, maana akishaiona namba hatasema tena. Neno lake liandike mbele yake, alione limeandikwa. Uliza udongo ule umewekwa nini, majivu, samadi au mbolea ya dukani, kisha jaribu kipimo chako kwenye makopo ya udongo wa pale pale, uone kinavyofanya. Pima mahali pengi. Na ukimuona mtu amejipangusa kidole akaondoka, kiweke kipimo chini umfuate. Hata kama jua ni kali, hata kama mashamba mengine yanakungoja, mfuate mpaka aseme.

Haya, nipe mikono yako. Mwenyezi Mungu akufikishe salama, wewe na huyo dereva wako anayependa mbio. Akupe miguu isiyochoka na macho yanayoona zaidi ya sindano. Mashamba utakayoyagusa yazae, na wenyewe wale washibe. Na popote utakapofika, akukutanishe na watu wasiokuogopa, wakuambie usoni kwamba umekosea, nawe uwape kigoda waketi wakueleze. Amina.