Nimemuuliza Yeye

Binti yangu alipotimiza miaka mitatu bila kusema hata neno moja, nilianza kutafuta mchawi ndani ya nyumba. Masikio yalipimwa, yakaonekana mazima. Jirani yetu mmoja hapa Somanda akaniambia mtoto anachanganywa na lugha mbili. Sikungoja kuuliza mtu wa pili. Jioni ile ile nilimkataza mama mkwe kuongea Kisukuma na mjukuu wake.

Alitii. Kiswahili chake ni cha sokoni tu, kwa hiyo kumkataza Kisukuma kulikuwa sawa na kumnyamazisha. Miezi mitano alikuwa akikaa uani na mtoto, wanapepeta mchele kimya kimya. Niliona, moyo ukanisuta, nikajifanya nina kazi. Mimi nina kazi siku zote.

Mtaalamu wa usemi alipokuja hospitali kutoka Mwanza, tuliwahi foleni alfajiri. Alimpa mtoto mdoli, akamuuliza anaitwa nani. Nikataja jina. Akamuuliza amekula nini asubuhi. Nikasema uji.

"Mama," akaniambia, "nimemuuliza yeye."

Niliona aibu. Akaniuliza nyumbani nani huongea naye zaidi, na kwa lugha gani. Nilipomweleza lile katazo langu, aliweka kalamu chini. Alisema lugha mbili hazimzuii mtoto kusema. Anachohitaji ni mtu wa kuongea naye kwa lugha anayoimudu mtu huyo, kisha amngoje ajibu, hata kama jibu linachelewa. Aliniagiza turudi kila mwezi, na akanionya kwamba safari inaweza kuwa ndefu.

Nyumbani nilipiga magoti mbele ya mama mkwe, nikamwomba radhi. Hakunilaumu, aliniita tu mayu, yaani mama. Alimwita mtoto, akamsalimia taratibu kwa Kisukuma: "Mwangaluka." Halafu akanyamaza, akimtazama usoni. Kwetu mtu akikusalimia hivyo, hapiti hadi umjibu.

Mtoto alimtazama. Midomo ikacheza kidogo. Kuku wakapita, pikipiki ikapiga honi barabarani, na bibi bado anangoja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibie. Mama mkwe akanikata jicho, nikaufunga.

Wiki tatu wakawa hivyo kila asubuhi. Sikuweza kukaa nikaangalia. Miguu ilikuwa ikiniwasha, nikijipa shughuli ya duka au ya maji, mradi niondoke pale. Nilimwonea wivu yule mwanamke kwa subira yake, na wivu huo ulinitia hasira.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mama mkwe anachambua mboga. Bila kuinua kichwa akaniambia mtoto amemjibu leo, mara mbili. Nikaangusha kikapu pale pale, nikamuuliza amesemaje, ametamka vipi, alikuwa amekaa wapi, nani mwingine amesikia.

Alinisikiliza mpaka maswali yakaniishia.

"Msalimie mwenyewe, mayu," akasema. "Halafu ungoje."