Kungoja Baridi Isiyokuja

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nikitaka kuisahau. Nilibeba kinu cha shangazi yangu begani, yeye akinifuata na watoto wake wawili, nikimpeleka kwenye nyumba aliyoapa kwamba hataiingia. Na mimi ndiye niliyemfikisha huko, si kwa kinu tu.

Shangazi alikuwa mjane, hapa kwetu Shinyanga, miaka ile mgodi wa almasi wa Mwadui ulipokuwa bado mpya. Shemeji yake alitaka kumrithi, naye akakataa. Wazee wakampa msimu mmoja aonyeshe kwamba anaweza kulisha watoto peke yake. Mpishi mmoja wa wazungu wa mgodini akampa kopo la mbegu za karoti: zikitoka nzuri, atakuwa ananunua mboga kwake siku zote.

Masika yalipokuwa yanaishia, udongo ukiwa bado na unyevu, shangazi akashika jembe. Mimi nilikuwa nimetoka kibaruani, mashamba ya chai ya Mufindi kwenye milima ya baridi, na viatu miguuni na maneno mengi mdomoni. Nikamzuia.

"Shangazi, karoti hazipandwi sasa. Ngoja sakitu ipite."

"Sakitu ndiyo nini?"

"Umande unaoganda usiku. Asubuhi unakuta majani meupe, kama yamemwagiwa chumvi."

Akacheka. "Sisi chumvi tunainunua dukani, baba."

"Mufindi kila mtu anangoja."

Akavitazama viatu vyangu, akaliweka jembe chini. Kutembea kwingi kuona mengi, na yeye hakuwa ametembea. Kipupwe kikaja, kikapita, halikuganda hata jani moja. Hapo ndipo nilipopaswa kusema nimekosea. Niliona aibu, nikasema, "Haya, sasa panda." Jua lilikuwa limeshapasua ardhi. Tulichota maji mpaka kisima kikatoa tope. Miche ikachomoza myembamba kama nywele, ikakauka yote, na msimu aliopewa na wazee ukaisha.

Nilipotua kinu uani kwa shemeji yake, shangazi aliniambia kwa sauti ndogo, "Uliniambia ningoje baridi. Mbona hukuniambia itatokea wapi?"



Mwanangu, ukirudi na ujuzi wa ugenini, uliza kwanza mvua ya kwenu huisha lini, na umuulize aliyenyeshewa nayo miaka mingi kuliko wewe. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akaumia. Na ukijua umekosea, sema siku hiyohiyo, mbegu zingali koponi. Mungu akupe macho ya kuiona ardhi unayoikanyaga, na ulimi usioogopa kukiri.

Mwaka uliofuata niliomba mbegu kwa mpishi yuleyule, nikapanda tuta moja masika yakiishia. Karoti zilitoka nene, tamu. Nikampelekea shangazi fungu zima. Aliyepokea ni mke mkubwa wa shemeji yake, akaingia nazo ndani. Shangazi hakutoka. Kama alizionja, sijui.