Mpangaji wa Chumba cha Mbele

Nyumba yangu ya Bariadi ilikuwa na vyumba sita, choo kimoja na ugomvi usiokwisha wa luku moja ya umeme. Niliijenga chumba kwa chumba nikiwa mwalimu Mwanhuzi, likizo hii bati, likizo ijayo saruji, mpaka walimu wenzangu wakaanza kuniita mama mwenye nyumba kabla haijapigwa hata plasta. Bariadi ilipofanywa makao makuu ya mkoa, wapangaji wakajileta wenyewe. Nilikuwa na karani, mpiga picha, mama muuza mbogamboga, na mkulima wa pamba aliyewapangia wanawe wanaosoma. Kodi ya huyo mkulima ilifuata msimu wa pamba, haikufuata kalenda. Nilimvumilia, maana mwenye nyumba asiyeujua msimu wa pamba hapa kwetu atagombana na kila mtu.

Chumba cha mbele alikaa fundi cherehani. Alikuja na cherehani moja na begi, binti wa miaka ishirini na kitu, mcheshi, mwepesi wa salamu. Akaniita "mayu", kama Wasukuma tunavyowaita mama zetu. Mimi sikuwa na mtoto wa kuniita hivyo, nikalainika siku ileile. Haukupita muda akawa jicho langu: aliwaonyesha wapangaji wapya vyumba, alisuluhisha mambo ya luku, alinipigia simu choo kikijaa. Nikaacha kumtoza kodi. Naye akanishonea magauni.

Siku moja, akinipima kiuno, aliniuliza kama niliwahi kuzaa. Nikamwambia. Mtoto wa kiume, alizaliwa wakati msingi wa nyumba ile unachimbwa, akaishi siku tisa. Tulimzika Mkula, nyumbani kwa mama yangu. Jambo hilo sikuwa nimelisema kwa miaka mingi, hata kwa walimu niliofundisha nao. Alilia yeye, mimi nikawa wa kumbembeleza.

Mwaka niliostaafu, ukuta mmoja wa nyumba ya mama kule Mkula uliporomoka. Mama akahamia jikoni, analala pembeni ya mafiga, na habari za kuja kukaa mjini hakutaka kuzisikia. Kiinua mgongo changu kilikuwa bado kinasafiri kutoka ofisi moja hadi nyingine. Nikaamua kuuza nyumba ili nimjengee mama vyumba vinne vya tofali za kuchoma kabla ya mvua.

Kwetu mnunuzi wa nyumba haanzi kuuliza ukubwa wala hati. Anauliza kama pana kaburi. Sisi tunazika nyumbani, na mahali alipolala mtu hapauziki: leo umenunua, kesho ndugu zake wako mlangoni kwako wanataka kutambika. Tena swali hilo hamwulizi mwenye nyumba, kwa kuwa mwenye nyumba ana shida ya kuuza. Anawauliza wanaoishi pale. Nililijua hilo, nikajiona mjanja. Kila mteja nilimzungusha vyumba vyote, kisha nikaondoka makusudi kwenda kununua soda.

"Mwulize huyu binti chochote," nilikuwa nawaambia. "Hana sababu ya kukudanganya."

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mchangamfu, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Lamadi. Aligonga kuta, akafungua bomba, akaanza kusema kitanda chake kitakaa wapi. Niliporudi na soda nilimkuta amesimama barabarani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema atanipigia. Hakupiga. Akaja muuguzi, ikawa hivyohivyo. Akaja mzee mwenye ng'ombe wengi, huyo hata soda hakuimaliza.

"Mayu, watu hawana hela siku hizi," fundi aliniambia. "Punguza bei."

Nikapunguza, nikapunguza tena. Nilimshukuru kwa ushauri.

Mwishowe dalali akamleta mzee mpole, mgeni pale mtaani, ambaye hakuomba hata kuingia vyumbani. Ningekuwa na akili nzuri ningejiuliza ni mtu gani anunuaye nyumba bila kuangalia dari. Lakini mawingu yalishaanza kujikusanya na mama yuko jikoni. Tukaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, fundi akatia sahihi kama shahidi wangu. Bei ile ilimpa mama vyumba viwili badala ya vinne. Kimoja mpaka leo hakina sakafu.

Mwaka uliofuata nilikuwa Lamadi nikimnunulia mama samaki, nikakutana na yule mama wa dagaa. Alinivuta pembeni.

"Mwalimu, nisamehe sikupiga simu. Mimi pia nimezika mtoto. Nikasema siwezi kuja kupika na kucheka juu ya kaburi la mtoto wa mwenzangu."

"Mtoto yupi?"

"Yule wa siku tisa. Binti yako alinionyesha mahali penyewe, kile chumba cha kona."

Samaki nililipia nikawaacha palepale mezani. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kinanishonea hizo nguo zenyewe. Nilipanda gari la Bariadi nikiwa nimevaa gauni lake.

Nilimkuta fundi cherehani wangu uani, anawaelekeza mafundi waliokuwa wakijenga choo cha pili. Kila chumba kilikuwa na luku yake. Mzee mpole alikuwa mjomba wake. Hilo nililipata kwa mama wa mbogamboga hata kabla sijafika mlangoni. Fundi aliponiona hakushtuka. Alitoa kiti, akakifuta vumbi, akaniamkia kwa adabu zake zote.

Nilimwuliza kwa nini alimtumia mtoto wangu. Hakukana.

"Mayu, ungemuuzia mtu mwingine, mimi angenitoa. Miaka yote nimeitunza nyumba hii kuliko wewe. Kila aliyekuja aliogopa kaburi. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba halipo."

Nilikwenda pale na matusi. Miaka thelathini ya darasani ilinipa ulimi, na njia nzima nilikuwa nimeunoa. Lakini niliumia kiasi kwamba matusi hayakuja. Nilijikuta namweleza, kwa sauti ya mtu anayeelekeza mgeni njia, kwamba mwanangu yuko Mkula, nyuma ya nyumba ya bibi yake, amewekewa mawe matatu, na hajawahi hata siku moja kulala Bariadi. Nilitaka angalau hilo alisikie, lisemwe pale uani, mafundi nao wasikie.

Aliitikia kwa kichwa, taratibu.

"Najua, mayu," alisema. "Uliniambia."