Lori Chini ya Bandeji

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa kwetu Ndabibi, kwa sababu wao wakisimulia wanaongeza chumvi, wanasema ati nilianguka, na mimi sikuanguka, nilikuwa nimekaa kwa kiti. Lakini aibu ni ile ile. Mimi mzee wa kanisa, mtu aliyefika darasa la tatu tu na bado akanunua shamba na ng'ombe za maziwa kwa jasho lake bila kuomba mtu, nilivuliwa bandeji mbele ya kanisa nzima, na kitu nilichokuwa nimeficha miaka arobaini kikaonekana na kila mtu, hata watoto wa Sunday school.

Kitu chenyewe ni tatoo. Ndiyo, mimi. Iko kwa mkono wa kushoto, hapa juu karibu na bega, na ni uso wa lori. Niliwekewa nikiwa kijana Bondeni, kule Nakuru, wakati nilikuwa tanboi wa lori ya viazi (yule anayening'inia nyuma na kupakia magunia huku dereva amekaa tu na radio yake). Mwenzangu tuliyekuwa tunakaa naye chumba kimoja alifunga sindano tatu na uzi, akachovya kwa masizi ya taa ya koroboi, akanichora mchana mzima nikiwa nimeuma kitambaa. Siku hiyo niliona nimekuwa mwanaume. Baadaye nikaokoka, nikaoa, nikanunua shamba, nikaanza kuvaa mikono mirefu. Jua liwake vile linataka, mimi ni shati ya mikono mirefu na koti juu, na watu wakawa wanasema yule mzee anajiheshimu. Sikuwasahihisha.

Sasa sikilizeni vile nilijiletea.

Msichana wangu Njeri, ambaye anafanya kazi kwa shamba la maua Naivasha, alileta kijana anaitwa Brian. Kijana mpole. Alikuja nyumbani na shati imefungwa vifungo mpaka kwa shingo, akaleta wazee wao, tukaongea, mbuzi ikachinjwa, tukaelewana. Niliambiwa ana duka la kinyozi. Na ni kweli ana kinyozi. Lakini siku moja nikiwa Naivasha kununua chakula ya ng'ombe nikasema wacha nipitie nimsalimie, na nikamkuta kwa chumba cha nyuma amevaa vesti, mikono yote miwili imejaa maua na ndege na sijui nini, ameshika mashine inalia kama nyuki, anamchora msichana wa watu mkononi.

"Mzee!" akaruka. "Karibu, keti."

"Sikai. Hii ndiyo kinyozi?"

"Kinyozi ni pale mbele, mzee. Hii ni kazi yangu ingine. Ni sanaa. Huyu dada alizika mtoto, anataka jina lake likae mahali hatalipoteza. Kuna ubaya?"

"Mwili si ukuta wa duka," nikamwambia, na nikatoka bila kunywa hata soda.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kutangaza ndoa yao. Kwetu pasta husoma majina Jumapili tatu, na kila mara anauliza kama kuna mtu ana pingamizi, na hakuna mtu husimama, ni desturi tu, watu hata huwa wameanza kutafuta kitabu cha nyimbo. Mimi nikasimama. Baba ya bibi harusi! Nikasema huyu kijana amejichora kama jambazi, na anachora watoto wa wengine, na mtu mwenye alama kwa ngozi hataingia kwa boma yangu. Nilisema kwa sauti kubwa, na niwaambie ukweli, nilijisikia vizuri. Pasta akasema basi matangazo yamesimama, wazee watakaa Jumapili ijayo baada ya ibada waamue.

Njeri aliniangalia mara moja tu. Kesho yake akapiga simu: "Baba, wazee wakikataa nitaenda na yeye vile vile. Lakini kwa hiyo boma yako hutaniona tena." Akakata.

Mama yake alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Baba Njeri, uko na uhakika na hiyo maneno ulisema?"

"Yangu ni ya zamani. Na haionekani."

"Mimi naiona."

Nikatoka nje nikaenda kuangalia ng'ombe. Hiyo wiki yote niliangalia ng'ombe sana.

Sasa hiyo Jumapili ya wazee kukaa, ndiyo pia wauguzi walikuwa wanakuja kupima watu presha na sukari, chini ya hema hapo uwanjani. Wanaume wa kwetu wanaogopa kupimwa kuliko wanavyoogopa ndovu, kwa hivyo pasta alikuwa ametangaza kwamba wazee wa kanisa watatangulia ili wengine wapate moyo, na wa kwanza ni mimi (kwa sababu mimi ndiye nilipiga kelele kwa mkutano kwamba wanaume ni waoga). Asubuhi nikiwa navaa ndipo nikakumbuka hiyo kitu wanafunga kwa mkono ukiwa wazi. Jasho likanitoka. Mtu mwenye akili angesema anaumwa kichwa, abaki nyumbani. Mimi nikaenda kwa stoo, nikachukua bandeji iliyoachwa na daktari wa mifugo wakati mtamba wetu aliumia mguu, nikajizungusha nayo mkono wa kushoto, nikamalizia na plasta ile pana. Nikajiambia, wakitaka mkono nitawapa wa kulia, na huo mwingine wakiuona, ni mgonjwa, wataniacha. Uamuzi wa dakika tano.

Ibada sikusikia hata neno. Bandeji ilikuwa inanuka dawa ya ng'ombe, na kila mtu akigusa pua nafikiri amenusa. Njeri alikuwa amekaa mbali, upande wa akina Brian, na Brian na shati yake ya mikono mirefu (mimi na yeye ndio tulikuwa tumejifunika hivyo hiyo siku yote, na kulikuwa na joto). Nilikuwa nafikiri, ikionekana leo, nimekwisha. Uzee wa kanisa umeenda, na msichana ameenda na hasira zaidi.

Tukatoka nje. Nikakaa kwa kiti, watu wamejipanga nyuma yangu, nikatoa mkono wa kulia. Muuguzi, Sista Chebet, akafunga, akapampu, akaangalia mashine, akaniangalia mimi.

"Mzee, umekimbia?"

"Nikimbie wapi?"

Akapima tena. Ikawa imepanda. Kila vile alivyokunja uso ndivyo moyo wangu ulivyopiga, na kila vile ulivyopiga ndivyo alivyokunja uso.

"Leta huo mkono mwingine tulinganishe."

"Huo uko na shida."

"Shida gani?"

Hapo ningesema nimeteleza. Ningesema jipu. Mdomo ukasema, "Ng'ombe alinipiga na pembe."

Nyuma yangu alikuwa amesimama Mzee Kiprono, jirani yangu, mzee wa kanisa kama mimi, na yeye hana neno la kubaki ndani. "Ng'ombe gani? Si zako zote ulizikata pembe, ukatuita tukuje tuone vile inafanywa?"

"Nimekosea. Lilikuwa teke."

"Teke kwa bega?"

"Nilikuwa nimeinama!"

"Uliinama ukafika wapi, mzee?"

Watu wakaanza kusogea. Sista akanivua koti kidogo, akaona bandeji imejaza shati, akashtuka, akasema kidonda cha ng'ombe kinataka sindano ya pepopunda, na kwa presha kama hii huyu mzee anafaa kufika Naivasha saa hii, isiwe damu inaingia sumu. Neno sumu likatembea kwa laini mpaka kwa geti. Pasta akaja mbio, akaniwekea mkono kichwani, akaanza kuomba kwa nguvu, na akina mama wawili wakaanza kulia kabisa. Mama Njeri alikuwa amesimama pembeni na mikono kwa kiuno. Hakulia.

Halafu nikasikia, "Gari yangu iko hapa, nitampeleka." Ni Brian. Alikuja akapiga magoti kando ya kiti, akashikilia kiwiko changu chini, pole pole, kama mtu anashika yai. Kijana niliyemwita jambazi. Na Njeri akapita katikati ya watu na macho yamejaa maji. "Baba, kwa nini hukuniambia umeumia? Hata kama tumekosana?" Na akaanza kukunja shati yangu mwenyewe.

"Wachana nayo, Njeri."

"Sista lazima aone."

"Nimesema wachana nayo! Haiumi!"

"Ukisikia mtu anasema haiumi hivyo," Sista akasema, "jua imeoza."

Sikuwa na nguvu ya kushindana na watu watatu. Plasta ikatoka na nywele, nikapiga kelele (hiyo nayo wanasimulia mpaka leo), bandeji ikafunguka, ikaanguka kwa nyasi. Pasta akaacha kuomba.

Hakuna kidonda. Kuna kitu cheusi kimejikunja.

Na nisikilizeni, bado ningepona! Sista mwenyewe alinipatia mlango. Akasema, "Ah, ni alama ya kuzaliwa?" na pasta akaanza kuitikia kwa kichwa, anataka sana kuamini. Ningesema ndiyo tu. Neno moja. Lakini mkono wa mzee unakonda, ngozi inaenda chini, na hiyo picha ilikuwa imefinyika, taa zimesogeleana, na katoto fulani ka mbele kakasema kwa sauti, "Ni chura!" Watu wakacheka. Na mimi, vile nilivyoumwa na sindano mchana mzima Bondeni nikiwa nimeuma kitambaa, nikasikia hasira inapanda, nikasimama nikasema:

"Chura gani? Hii ni lori! Hamuoni taa?"

Nikaketi tena. Nilikuwa nimejisomea hukumu mwenyewe.

Brian ndiye peke yake hakucheka. Aliinama akaangalia karibu, kama fundi. "Ni lori," akasema. "Hata bampa iko. Aliyekuchora alikuwa na mkono mzuri, mzee." Hakunidharau, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

Njeri aliuachilia mkono wangu. "Baba. Wewe?" Halafu akamgeukia mama yake. "Ulijua?"

"Nimefua hizo shati za mikono mirefu tangu nilipoolewa," Mama Njeri akasema. "Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe."

Njeri akaenda akajifungia kwa gari ya Brian. Sista alipima tena presha. Hakunisomea namba.

Waliniambia niende nyumbani nipumzike lakini nilikataa, kwa sababu wazee walikuwa wanakaa na pingamizi ni yangu. Tukaingia ofisi ya kanisa, wazee sita. Mmoja akasema tatoo ni uchafu, na ya mzee ni uchafu vile vile. Mwingine akasema ya zamani si kitu, lakini vijana wa siku hizi wanazidisha. Kiprono, ambaye nilifikiri atanimaliza, akasema, "Mama yangu alikuwa na masikio marefu, ametoboa na kutia shanga vile walikuwa wanajipamba. Alipookoka wakamwambia yashonwe. Alishonwa, akalia, na mpaka akafa alikuwa anayashika akifikiri hatuoni. Mimi sijui kama ni Mungu aliitisha hiyo." Halafu wakaniangalia. "Hiyo pingamizi ni wewe uliweka. Unatoa ama hutoi?"

"Natoa," nikasema.

Nikaenda mpaka kwa gari nikagonga kioo. Njeri akashusha kidogo. Nikamwambia imekwisha, pingamizi nimetoa.

"Umetoa wapi?"

"Kwa ofisi. Mbele ya wazee."

"Mlango ukiwa umefungwa," akasema. "Na mimi uliniaibishia wapi?"

Akapandisha kioo.

Hiyo wiki ya pili sikulala vizuri hata siku moja. Kusimama kushtaki mtu ni rahisi, miguu inajiinua. Jumapili nilisimama nikashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, ya kueleza mambo ya ujana na maisha magumu ya Bondeni, na yote yakapotea. Nikasema, "Ile sababu nilitoa juu ya Brian, mimi ninayo kwa mkono, na mmeiona. Nilimwita jambazi na yeye akanishika kiwiko. Pingamizi nimeitoa. Na Njeri, nimekukosea mbele ya hawa watu." Kuna mtu alicheka huko nyuma. Njeri hakucheka, na hakunikimbilia pia, msidhani. Aliniangalia mpaka nikaketi, halafu akamwambia pasta kwa sauti ya kawaida kabisa, "Unaweza kuendelea kusoma."

Majina yakasomwa. Wakaoana. Nilimshika Njeri mkono nikamwingiza kanisani, na joto lilikuwa kali, na koti sikuvaa.

Sasa msiseme nimegeuka. Tatoo bado sipendi, na Brian anajua hivyo, tumeshaambiana: yeye anasema ni sanaa, mimi nasema ni masizi. Lakini nimeapa sitasimama tena mahali popote kusema juu ya ngozi ya mtu mwingine. Na presha siku hizi napimia Naivasha, mahali hawanijui. Brian ndiye hunipeleka.